Munganga Aliyeuliza

Nianze na kosa langu. Mimi Kabera, katekista wa Kashuga, nilikata maneno ya munganga katikati. Mwaka ule wa 1956 nilimusindikiza Kanyamibwa, muchungaji wa ng'ombe, mpaka hospitali, kwa sababu ninajua Kifaransa kidogo. Wakamukuta na kansere ya damu: jasho la usiku, tumbo limevimba upande wa kushoto, nguvu hakuna. Munganga alisema mengi, mimi nikayafanya mafupi: "Uchague. Vidonge, na ukae karibu na hospitali upimwe damu kila juma. Ao urudi kwa ng'ombe zako, ukuje tu ukizidiwa. Dawa ya kumaliza ugonjwa hakuna. Ulete jibu Jumatatu." Kanyamibwa akainamisha kichwa. Kwetu mugonjwa hajisemei. Mukubwa wake njo anamusemea, na kaka yake mukubwa alishakufa. Basi Jumatatu asubuhi tulikuwa tunalitafuta lile jibu kwenye benchi ya Mama Colette muuza kahawa, pale camion, lori ya misioni, inapopakia maziwa, tukikunywa kahawa ya punje zilizovunjika, zile agronome, bwana shamba wa serikali, anazikataa.

— Munganga anauliza mugonjwa? alisema Gustave. Tunamuita Bukavu, kwa sababu alifika Bukavu mara moja, na kwa maneno hajarudi mpaka leo. — Tangu lini? Wazungu walipotudunga sindano, walituuliza? Walipotupeleka kuchimba barabara, walituuliza?

— Hata ng'ombe hawakuulizwa, alisema Mbonigaba. Huyu tunamuita Veterineri; siku moja alishika kamba wakati wa chanjo ya ng'ombe.

— Basi iko kitu, alisema Bukavu. Mutu akikuuliza njia ndani ya nyumba yake mwenyewe, ushike mufuko yako.

— Pengine hajui dawa, alisema Mama Colette.

— Anajua, Mama. Anataka Kanyamibwa achague, halafu akikufa waseme: alijichagulia. Kesi imekwisha. Asiyesikia la mukuu huvunjika guu.

— Mukuu gani, na mugonjwa mwenyewe njo anaulizwa? alisema Mama Colette.

— Methali haibishwi.

Veterineri alisogeza kikombe.

— Mimi naogopa ile damu ya kila juma. Wanasema ni ya kupima. Maziwa ukiyapima, bado unayakunywa. Damu ikipimwa, mulishaona wanairudisha? Tena damu ni nzito kuliko maji. Akiitoa sana atakuwa mwepesi, upepo wa kule Kalembe utamubeba.

— Na inaenda wapi? Bukavu akapunguza sauti. — Ile fromage, jibini ya muzungu wa kule juu, ngozi yake nyekundu. Mulishajiuliza rangi inatoka wapi?

Mama Colette aliweka birika chini.

— Papa Gustave, ile fromage uliikula kwa Noeli.

— Nilikula ya ndani.

Tukacheka, na mimi pia. Kisha Veterineri akanigeukia.

— Katekista, weye ulikuwa pale. Useme.

— Alisema achague, nilijibu, nikaficha uso ndani ya kikombe.

Njo wakati Mukandori, muke wa Kanyamibwa, alifika, blanketi ya safari imekunjwa juu ya kichwa. Alitusalimia mumoja mumoja, kwa heshima.

— Bwana yangu iko nyuma, anapanda mulima polepole. Amenituma mbele. Anasema hana mukubwa tena, nyinyi njo wakubwa wake. Neno mutakalosema hapa, hilo njo atapeleka kwa munganga.

Fromage ya Bukavu ilikuwa sasa imekuwa jibu la maisha ya mutu.

— Nauliza tu, alisema Mukandori. Munganga alisema achague peke yake?

Mama Colette akainamisha birika; likatoa masimbi tu, mashapo ya kahawa. Wote wakaniangalia.

— Hapana, nilisema. Alisema hivi: "Vidonge vinaweza kumuongezea miaka, pengine michache, lakini vitamufunga karibu yangu. Mimi najua dawa, sijui maisha yake. Aniambie anaogopa nini, na kitu gani hawezi kuacha. Halafu tutachagua sisi wawili."

— Na hukusema, alisema Mukandori.

— Niliona haya, Mama. Munganga kusema "sijui" mbele ya muchungaji... nikamufunika. Na nilifikiri mutu wa ng'ombe hataelewa. Mungu ananiona.

— Ulimufunika munganga, ukamuvua bwana yangu.

Kanyamibwa alitokea, ameegemea fimbo yake ya kuchungia. Nilimurudilia yote pale barabarani, neno kwa neno, na benchi nzima inasikia.

— Aliniuliza mimi?

— Weye.

— Naogopa nini, alirudia polepole, akaangalia ng'ombe zake upande wa pili wa bonde. Veterineri akataka kumujibia. Mukandori akamukata kwa macho.

Dereva alipiga honi. Nikamushika Kanyamibwa mukono ili apande, kisha nikapanda nyuma yake.

— Kaka, nitamuomba akuulize tena, na sitakata neno. Nakuomba kitu moja: akiuliza, usiniangalie mimi. Ujibu weye.