Namba Tisa Haikuwa Kwenye Orodha

Maabara: Haloo! Haloo, nasikika?

Sista: Nani mwenzangu? Sema haraka, niko wodi ya wachanga hapa, sina muda wa—

Maabara: Shemeji yako. Mume wa mdogo wako. Au namba yangu umeshaifuta?

Sista: Aa, mtu wa maabara! Simu mpya hii. Ile ya zamani niliifuta kwa klorini asubuhi na jioni mpaka ikafa.

Maabara: Pole. Imekufa ikiwa safi.

Sista: Angalau yenyewe. Humu ndani mimi na ile simu tu ndio tulikuwa wasafi.

Maabara: Habari za huko lakini?

Sista: Za huku wewe ndiye uliye nazo. Majibu yametoka?

Maabara: Yametoka. Vile vijiti vya pamba nilivyopitisha pale wodini kwenu Jumatatu, vyote nimeviotesha kwenye visahani nione vijidudu gani vinaota. Ripoti inaondoka kwangu saa nane kwenda kwa mganga mkuu. Nimeona nikupigie kwanza, maana—

Sista: Maana ni ndoo. Sema ni ndoo.

Maabara: Ndoo gani?

Sista: Ya deki! Ya Mama Ndoo, huyu mfagiaji wetu. Si nilikuambia siku ileile? Mtu anapiga deki chooni, halafu huyoo, anakokota miguu na ndoo yake mpaka mlangoni kwa wachanga. Barua yake ya kufukuzwa kazi nimeshaiandika. Iko hapa mezani, muhuri nimegonga, nasubiri karatasi yako tu niibane nayo pamoja.

Maabara: Umeandika kabla ya majibu?

Sista: Miaka kumi na tisa niko kwenye kazi hii, shemeji. Macho yangu ni maabara tosha.

Maabara: Basi sisi tufunge milango tukalale.

Sista: Cheka tu. Watoto wanne wana homa humu ndani. Watano, na huyu wa leo asubuhi. Na yule wa Jumapili, mama yake ametoka getini na blanketi tupu. Wewe cheka.

Maabara: Sicheki. Samahani. Ndoo haina kitu.

Sista: Sikusikii, mtandao huu una—

Maabara: Nimesema ndoo haina kitu! Ina klorini ya kutosha, nilikohoa nilipoinama. Tambara la deki halina kitu. Na mwenyewe nilimpitishia kijiti viganjani, katikati ya vidole, chini ya kucha. Hana kitu.

Sista: Haiwezekani. Ulimpitishia kwa haraka.

Maabara: Kazi yangu naijua, shemeji.

Sista: Basi ni bingwa wetu. Daktari bingwa na lile lisaa lake! Anaingia nalo, havui, anamgusa mtoto kwa mkono uleule aliokunia ndevu. Nilimwambia, daktari, saa hiyo. Akanijibu, "Sista, mimi nimesoma." Amesoma kila kitu duniani isipokuwa karatasi iliyo mbele ya pua yake, NAWA MIKONO, nimeibandika mwenyewe kwa wino mwekundu.

Maabara: Saa yake ina uchafu wake, nimeuandika. Lakini si mdudu huyu. Huyu tuliyemkuta kwenye damu ya watoto ni mwingine, huyu anapenda majimaji, anapenda vitu vya—

Sista: Ni mabibi! Nilijua! Wanakuja kutazama wajukuu, midomo imetangulia. Namwambia bibi, mtoto habusiwi, ananitazama juu mpaka chini, "kwani wewe umezaa wangapi?"

Maabara: Shemeji.

Sista: Na hao wachumba wa mabinti zangu wauguzi wanaokaa—

Maabara: Shemeji! Salio langu si la kuchezea. Nisikilize. Namba tisa.

Sista: Namba tisa ipi? Orodha yangu ilikuwa na nane. Niliiandika mimi.

Maabara: Ya tisa niliiongeza mwenyewe. Ulitoka kwenda kumfokea mtu koridoni, nikabaki peke yangu kwenye meza yako.

Sista: Meza yangu ina nini? Ina daftari, ina kalamu, ina...

(Mtandao unakwaruza.)

Maabara: Ina nini?

Sista: Kikopo cha mafuta.

Maabara: Kile chenye mfuniko wa bluu.

Sista: Mafuta ya mikono tu yale! Klorini inawachana mabinti vidole. Wananawa mara arobaini kwa siku kwa sababu nawasimamia kama askari. Wengine walikuwa wanalia, damu zinatoka. Nikatoa mfukoni mwangu, nikanunua kikopo kikubwa, wapate wote. Hilo nalo ni kosa?

Maabara: Wanayapakaje?

Sista: Swali gani hilo? Wananawa, wanajikausha, wanachovya—

Maabara: Wanachovya.

Sista: Vidole viwili tu.

Maabara: Vidole viwili, watu wote, kikopo kimoja. Tangu lini?

Sista: Mwezi uliopita... mwanzoni.

Maabara: Na homa ya kwanza ilikuwa lini?

Sista: Usinihoji kama polisi.

Maabara: Kisahani cha namba tisa kimeota mpaka kimejaa. Na ni mdudu yuleyule wa kwenye damu ya watoto, nimewapima mara mbili. Mtu ananawa vizuri, anachovya, kutoka hapo moja kwa moja kwa mtoto. Yaani wanaokutii ndio wanaompeleka. Bingwa wako hachovyi, eti?

Sista: Anasema ni mafuta ya kike.

Maabara: Na mfagiaji?... Haloo?

Sista: Nipo. Yeye nilimkataza. Nilimkuta siku moja amekifungua, nikamwambia mbele ya watu, mikono ya chooni isiguse kikopo changu.

Maabara: Aha. Nilipomshika viganja vilikuwa vimepasuka kama tope lililokauka. Nikadhani ni uzee.

Sista: Shemeji. Hiyo namba tisa haikuwa kwenye orodha.

Maabara: Haikuwa.

Sista: Fomu niliyosaini ni ya sampuli nane.

Maabara: Nane kamili.

Sista: Sasa mtu akifuata fomu kama ilivyo... Wewe ni mume wa mdogo wangu, harusi yenu mimi ndiye niliye—

Maabara: Nilijua utafika huko. Haya. Nikiitoa namba tisa, panapoandikwa chanzo niweke nini? Niweke ndoo?

(Mtoto analia kwa mbali.)

Maabara: Sema, kalamu ninayo. Barua tayari unayo. Bingwa amesoma, wewe una miaka kumi na tisa, na mama wa watu hana wa kumsemea.

Sista: Usinitukane.

Maabara: Kikopo kiko wapi muda huu?

Sista: Kiko hapohapo, kwenye kona ya— Wewe binti! Wewe! Toa mkono! Toa mkono humo! Usimguse mtoto, rudi sinki! Nimesema rudi! Usiniulize kwa nini!

Maabara: Alishachovya?

Sista: (Anahema.) Vidole viwili. Ananitolea macho. Anasema, Sista, nimetoka kunawa sasa hivi, kama ulivyotufundisha.

Maabara: Umesikia hiyo tii-tii? Salio linaniaga. Nipe neno moja. Namba tisa?

Sista: Ipeleke.

Maabara: Kama ilivyo?

Sista: Kama ilivyo. Na uandike ni meza ya nani. Usije ukaniandikia "meza ya wodi" kwa huruma. Meza ni yangu.

Maabara: Na barua?

Sista: Nimeikalia.

Maabara: Ichane, shemeji.

Sista: Ngoja, mwenyewe huyu hapa. Nilimwita saa sita aje kuichukua, na saa sita kafika, hajachelewa hata dakika... Ingia, mama. Hapana, usiketi. Yaani, keti. Aa, kwanza nisaidie. Vaa glavu, uchukue mfuko mwekundu, ukitoe hicho kikopo cha bluu hapo mezani kikachomwe... Ndiyo, hichohicho... Mbona umesimama?

Maabara: Anasemaje?

(Tii-tii ya salio.)

Maabara: Shemeji, inakata hii! Anasemaje?

Sista: Anauliza kama leo anaruhusiwa kukigusa.

Maabara: Ukamjibu ni—

(Simu imekatika. Sista anabaki nayo sikioni; Mama Ndoo bado anangoja jibu.)

Sista: Haloo? Haloo?... Ndiyo, shemeji. Ndiyo, nakusikia. Endelea. Endelea tu kuongea.