Kifaru cha Tisa cha Mzee Msasa

Ndugu, majirani, mafundi wenzake na nyote mliotoka makwenu kuja kusimama nasi asubuhi hii ya Jumapili, tarehe 19 Mei 2024, familia imenikabidhi karatasi hizi nizisome kwa sababu mama hawezi na dada amekataa, nami ninayesoma ni mtoto wa pili wa marehemu, na humu ndani nitajitaja hivyohivyo, mtoto wa pili, ili nifike mwisho bila kuwasumbua.

Marehemu baba yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mzee Msasa, na ambaye hata ankara ya maji ilimfikia kwa jina hilo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa nne wa fundi bomba na mshona nguo, alikuwa mtoto mkimya, na bibi yetu alipenda kutuambia kwamba hadi anatimiza miaka mitatu alikuwa hajasema neno la maana, lakini alikuwa ameshakwangua rangi yote ya mlango wa jikoni kwa kijiko.

Alianza darasa la kwanza Januari 1959 katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza Desemba 1966, hakuwa mtu wa vitabu, na hilo tunalisema bila kumvunjia heshima kwa kuwa yeye mwenyewe alilisema kila alipopewa fomu ya kujaza, ila mwalimu wa jiografia alimpa kazi ya kupaka rangi ramani za ukutani, na bahari zake hazikuwahi kutoka nje ya mstari, ingawa majina ya bahari hizo hakuyajua. Mwaka 1967 na 1968 alisomea katika chuo cha ufundi kunyoosha bodi za magari na kupiga rangi, akatoka na cheti ambacho kipo mpaka leo, kimepakwa vanishi.

Tarehe 3 Februari 1969 aliajiriwa katika gereji inayotazamana na soko la mbao, akakaa hapo miaka arobaini na miwili, kazi yake ikiwa kukwangua kutu, kuziba matundu, kupiga msasa, kupuliza rangi na kung'arisha, yaani kulifanya gari lililogongwa lionekane halijawahi kukutana na kitu chochote maishani, na jina lake alilipatia hapo, kwa sababu wenzake walipotumia mashine yeye alimalizia kwa mkono, akifumba macho na kupitisha kiganja juu ya bati mpaka aridhike. Wateja wake waliopo hapa wanajua pia kwamba hakuwa na haraka, na kwamba neno kesho kinywani mwake lilikuwa na upana wake.

Mwaka 1975 gereji ilipewa gari la posta lipigwe rangi upya, na baada ya kulirudisha, baba alikwenda posta mara tatu kukagua mkwaruzo ambao hakuna mtu mwingine aliyeuona, mpaka karani wa kaunta ya stempu akamwuliza kama mkwaruzo huo uko kwenye gari au uko kwenye kaunta, na karani huyo ndiye mama yetu, walifunga ndoa tarehe 18 Septemba 1976, wakajaliwa watoto wawili, wa kwanza binti aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1978, ambaye ana duka la vifaa vya shule, na wa pili mtoto wa kiume aliyezaliwa tarehe 21 Agosti 1982.

Hapa familia iliona ni vizuri jambo moja lisemwe wazi, kwa kuwa wengi mlilijua nusunusu. Baba alikuwa amemwekea mtoto wa pili nafasi gerejini, akamnunulia ovaroli, akamfundisha kupitisha kiganja, lakini tarehe 7 Januari 2002 mtoto huyo aliondoka akajiunga na jeshi, akiacha mlango wa gari la mteja umepigwa msasa upande mmoja, na baba, ambaye hakuwahi kuacha mlango katikati, aliumalizia mwenyewe jioni ileile, kisha akamwambia mama kwamba asiletewe habari za mtu huyo mezani. Kwa miaka tisa baba na mwana hawakusemezana, salamu zikapitia kwa mama, na mama anasema kazi ya posta haikuwahi kumchosha kama hiyo.

Katika miaka hiyo mama alimdokeza baba mara moja tu kuhusu kazi ya kijana, akasema amepangiwa vifaru. Wiki ileile, alipoulizwa kwa kinyozi kijana yuko wapi siku hizi, baba alijibu kwamba yuko na vifaru wake, wanaendelea vizuri, na kwa kuwa alisema wake na si vyake, wote waliokuwa kwenye viti walielewa kwamba kijana analinda wanyama mbugani, wakaanza kumwuliza kama ni kweli pembe zao hukatwa zikaota tena, na baba akawa anajibu, siku nyingine kwa urefu. Kama alimsikia mama vibaya au aliamua mwenyewe kusikia vibaya, hatukupata kujua, maana alipoulizwa alicheka tu, na tunachukua nafasi hii kuwaomba radhi wale waliokuja leo wakitazamia kuonana na askari wa wanyamapori, akiwamo kinyozi mwenyewe, aliyeambiwa ukweli juzi na bado hajanisamehe.

Novemba 2010 dada alipokea dukani kwake boksi la kifaru cha plastiki cha kuunganisha, kidogo kuliko kifaru halisi mara thelathini na tano, cha aina ileile aliyokuwa akiendesha mdogo wake, akakipeleka nyumbani, akakiweka mezani mbele ya baba na kumwambia kwamba hiki ndicho kifaru, hakina pembe. Baba alikipandisha juu ya kabati la sahani, kikakaa huko miezi minane. Mwaka huohuo alikuwa ameanza kukohoa, na mwezi Juni 2011 daktari wa mapafu alimwambia kwamba rangi alizovuta kwa miaka arobaini zimekaa kifuani na hazitatoka, akamkataza kupuliza hata mara moja zaidi, kwa hiyo tarehe 30 Juni aliagana na gereji, na Julai, akiwa mtu asiyejua kukaa bure, akalishusha boksi.

Vipande vilikuwa mia mbili na sabini na vitatu, vingine vidogo kama punje ya mchele, naye alivikata kwa wembe, akavishika kwa kibanio cha nyusi cha mama, akapiga msasa kila ukingo, akaunganisha minyororo kiungo baada ya kiungo, kisha akapaka kwa brashi tabaka sita za rangi ya kijani na kumalizia kwa nta ya magari, na kilipokamilika mwezi Oktoba kiling'aa kama gari la bibi harusi. Dada alikipiga picha akaituma jeshini, jibu likarudi siku hiyohiyo, likisema mwambieni kifaru haking'ai hivyo, kinachafuka, na baba aliposomewa alisema basi naye aambiwe aeleze kinachafuka wapi.

Ndivyo walivyoanza tena kusemezana, kwa habari za uchafu. Mtoto wa pili aliandika kurasa nne, akieleza kwamba tope hukaa baina ya magurudumu na halipandi juu isipokuwa limerushwa, kwamba moshi huacha weusi upande wa nyuma kulia, kwamba rangi huchubuka pale buti zinapokanyaga na mikono inaposhika, na baba, ambaye miaka arobaini alikula kwa kuondoa kutu, alijifunza akiwa na miaka sitini kuiweka, akiigonga kwa kipande cha sponji, akitengeneza vumbi kwa chaki za rangi alizosagiwa na mwalimu jirani, akiikamua rangi ya mafuta iliyozimuliwa iingie kwenye kila mfereji. Kifaru cha pili kilimchukua miezi mitano, na wiki tatu za tope lake zilipotea siku mama alipokipangusa kwa kitambaa kibichi akidhani anasaidia usafi, jambo ambalo baba alilikumbuka kila mwaka kama tarehe ya kitaifa.

Barua zake zilikuwa za maswali tu, za mistari miwili au mitatu, mkono wenu wa kushoto unashika wapi mnapopanda, kwa nini ukingo wa mlango wa dereva umechubuka kuliko wa kamanda, na mtoto wa pili alijibu kama anayejibu fundi, akaeleza kwamba dereva hukaa mbele chini na mlango wake ni mdogo, na ukingo umechubuka kwa sababu kuna siku walilazimika kutoka haraka. Baada ya barua hiyo baba hakuandika kwa miezi miwili. Kisha siku moja kwa kinyozi, bila kuulizwa, alisema kwamba kifaru cha mwanangu kimekwama kwenye tope huko, na watu wakamcheka, wakamwambia mzee Kiswahili kimekutoka, sema kifaru wa mwanangu amekwama, naye akasema hapana, nimesema cha, na kimekwama.

Aprili 2013 mtoto wa pili alikuja likizo kwa mara ya kwanza, na baba hakumkumbatia wala hakumpa pole ya safari, aliuchukua mkono wake wa kushoto, akaugeuza, akafumba macho, akapitisha kidole kwenye sugu iliyo chini ya kidole cha shahada, kisha akaenda kwenye kabati kuangalia kama mchubuko wa mkono juu ya kifaru ameuweka mahali pake, na ulikuwa mahali pake. Mkono wenyewe ni huu ninaoshikia karatasi.

Vifaru vilifika vinane, na mafundi wa gereji waliovitazama wanaweza kushuhudia kwamba havikuwa na kosa ila moja, kwamba mlango wa dereva uligundishwa wazi kwenye vyote, na mimi, kwa maana ya mtoto wa pili, nilimwandikia mara tatu kwamba kifaru kikiwa kazini mlango huo hufungwa, mara ya tatu nikaandika kwamba umekosea tena, Mzee, fundi gani asiyesikia, na hilo ndilo swali pekee ambalo hakuwahi kulijibu. Hata nilipostaafu jeshi Desemba 2022 na kuanza kuendesha greda la barabara, na nikawa nakaa naye mezani kila Jumamosi kumchujia rangi, niliona aibu kulirudia, naye hakuligusa. Barua ile najuta kuiandika.

Kuanzia Septemba 2023 baba alihitaji mtungi wa oksijeni, vidole vikaanza kutetemeka, na kifaru cha tisa alikijenga akiwa ameegemeza viwiko kwenye mito miwili, tarehe 29 Aprili mwaka huu alilazwa hospitali ya rufaa, wodi namba tano, na huko alifariki dunia siku ya Alhamisi, tarehe 16 Mei, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, mama akiwa kando yake, baba akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watatu.

Tulipopanga vitu vyake tulikikuta kifaru cha tisa kimekamilika, kimeshapakwa na kuchafuliwa, kasoro kipande kimoja, mlango wa dereva, ambao ulikuwa ndani ya kiberiti kitupu, na nilimwuliza mama kama aliwahi kumwambia sababu, mama akaendelea kukunja shuka alizokuwa akikunja, akasema mbona alimwambia zamani, alisema kifaru kikifungwa huwezi kujua kama mtu bado yumo au alishatoka.

Familia inamshukuru daktari wa mapafu, aliyesema ukweli mapema, wauguzi wa wodi namba tano, waliokubali meza ya dawa iwekwe brashi, mwalimu jirani kwa chaki, kinyozi kwa nywele za kutengenezea brashi ndogo na kwa uvumilivu wake, mafundi wa gereji, pamoja na wale waliomletea kwa siri tina, ile dawa ya kuzimulia rangi, waliyokatazwa kuleta, tunawajua, na majirani wote mliobeba viti tangu Alhamisi. Vifaru vyote viko sebuleni juu ya kabati la sahani, mnakaribishwa kuvitazama mkitoka makaburini, ila tunaomba mtu asivipanguse, vumbi lile ni kazi yake.

Kipande kilichobaki kilibandikwa jana Jumamosi, saa nne asubuhi, nilikibandika mimi, na nilikibandika kikiwa wazi.

Lala, Baba, upumzike, dereva ametoka.