Dada Yetu Aliyepulizia Umeme Kwenye Kioo cha Dirisha

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono leo, mimi ni mdogo wake marehemu, ninayemfuata kwa kuzaliwa, fundi vioo kwa kazi, na familia imenipa heshima ya kuwasomea historia ya maisha yake, ingawa sote tunajua kwamba yeye mwenyewe angemchagua mtu mwenye maneno machache kuliko mimi.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya gereji, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne wa baba fundi rangi wa magari na mama mshona nguo, na mama alikuwa akisimulia kwamba alichukua muda wake kuja duniani, akawachosha wakunga wawili, na tangu siku hiyo hakuna aliyefanikiwa kumharakisha. Jina la utani la Taratibu alilipata hapo nyumbani, likamfuata shuleni, likaenda naye kazini, hata wanangu wanamwita Shangazi Taratibu, kwa hiyo mkinisikia nikilitumia leo msidhani namkosea adabu mkubwa wangu.

Alianza shule ya msingi Januari 1975, na jioni badala ya kucheza alikuwa akisimama gerejini kumtazama baba akipulizia rangi milango ya magari, mpaka baba, ambaye hakuwa mtu wa kusifu watu, akampa bomba la kupulizia alishike mwenyewe, akamfundisha kwamba mkono huanza kusogea kabla ya kubonyeza na huendelea kusogea baada ya kuachia, la sivyo rangi inalundikana mwanzoni na mwishoni, kisha inachuruzika. Mimi nilifundishwa kitu hichohicho siku hiyohiyo, nikapaka rangi viatu vya baba, na ndiyo maana nikaenda kwenye vioo. Dada alimaliza sekondari mwaka 1987, akaingia chuo kikuu mwaka uliofuata kusoma kemia, na akahitimu Novemba 1991, siku ambayo baba alivaa suti ya kuazima na kukataa kukaa chini ukumbini asije akaikunja.

Tarehe 1 Februari 1992 aliajiriwa katika kiwanda cha rangi, kitengo cha kupima ubora, na huko ndiko alikompata mume wake, au tuseme mume ndiye aliyempata, kwa sababu shemeji yetu alikuwa mpima ardhi katika ofisi ya jengo la jirani, akaja siku moja amefura kulalamikia harufu inayoingia dirishani kwake, dada akamsikiliza mpaka mwisho, akamkubalia kila neno, akamwomba arudi kesho yake aseme kama imepungua. Shemeji alirudi kesho yake, na keshokutwa, na wiki nzima, harufu ikiwa ni ileile, na tarehe 17 Desemba 1995 wakafunga ndoa. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1997, ambaye leo ni mwalimu wa hesabu, na kijana aliyezaliwa mwaka 2001, ambaye ni dereva wa lori na ameendesha siku mbili bila mapumziko ya maana ili awepo hapa, na hilo, mwanangu, mama yako angekugombeza kwalo.

Mwaka 2003 aliacha kiwanda akajiunga na maabara ya nishati ya chuo kikuu, na hapa naomba mnivumilie nieleze alichokuwa akifanya, maana mimi mwenyewe nilikuwa nikimkatia vioo miaka mingi kabla sijaelewa vinaenda wapi. Wengi wetu tunazijua zile paneli nyeusi za jua zinazowekwa juu ya paa, ambazo huwezi kuona upande wa pili, lakini dada na wenzake walitaka kioo cha dirisha kitengeneze umeme huku mtu aliye ndani akiendelea kuona nje. Walikuwa na wino wa plastiki ya aina ya pekee, iliyoyeyushwa ikawa majimaji, wakaupulizia juu ya kioo kama baba alivyopulizia milango, tabaka juu ya tabaka, jembamba kiasi kwamba ukipitisha kidole huhisi kitu, na juu kabisa wakapulizia nyuzi za fedha zisizoonekana kwa macho, ili umeme upate njia ya kutokea bila kuziba mwanga. Shida ni kwamba tabaka la kati, lile linalonasa jua, ukiliongeza unapata umeme mzuri na dirisha linakuwa giza, na ukilipunguza unaona nje vizuri kabisa lakini taa haiwaki.

Mwaka mzima wa mwanzo uliharibika kwa kosa moja, kwamba majimaji ya tabaka la juu yaliyeyusha tabaka la chini, na wenzake wakadhani wino ni mbovu mpaka dada alipotambua kwamba walikuwa wanapaka na kufuta kwa wakati mmoja, wakabadilisha, tabaka la juu likachanganywa kwa maji, ambayo hayaliyeyushi la chini. Kwangu alikuwa mteja msumbufu kuliko wote niliowahi kuwa nao, alirudisha vioo vyenye mkwaruzo ambao mimi mwenye macho ya fundi sikuuona, na nikimwambia dada, hiki ni cha bure, alijibu kwamba hata cha bure hakitaki mkwaruzo.

Mwaka 2012 maabara ilimwajiri mhandisi mmoja ambaye yupo hapa mbele yetu na ambaye sote tunamwita Mbio, kwa ruhusa yake, kwa sababu anatembea kama mtu aliyeacha jiko linawaka. Bwana Mbio na dada hawakupatana hata kidogo kwa miaka tisa, yeye akitaka kumaliza vipande kumi kabla ya chakula cha mchana, dada akitaka kimoja kisicho na doa, na tabaka la kati, kwa kuwa ndilo lenye kuamua kila kitu, dada hakumruhusu mtu mwingine kulipulizia. Shemeji atakumbuka jioni ambazo dada alirudi nyumbani akisema kwa hasira, yule mtu ataniua na mwendo wake, halafu kesho yake anambebea chai.

Agosti 2021 dada alishindwa kubonyeza bomba, tukadhani ni uchovu, lakini Machi 2022, baada ya vipimo vingi, madaktari walimweleza kwa upole na kwa uwazi kwamba ana ugonjwa wa mishipa ya fahamu, ambao hudhoofisha misuli na hauna dawa ya kuuondoa. Wakati huo kioo kikubwa kuliko vyote walivyowahi kufanikisha kilikuwa na ukubwa wa daftari, dirisha zima lilikuwa bado ni ndoto, na ujuzi wa lile tabaka la kati ulikuwa katika mkono mmoja, nao ndio uliokuwa unaondoka. Nilimsikia akimwambia mume wake kwamba kufa amekwisha kukubali, ila anachokiogopa ni kwamba kazi ya maisha yake itabaki vipande vya kuonyesha wageni.

Basi alifanya jambo gumu, akamwita Bwana Mbio akamkabidhi bomba, yeye akakaa kwenye kiti pembeni, na kwa mwaka mmoja na nusu akamfundisha, taratibu, taratibu, mkono usogee kwanza, na Bwana Mbio akajizuia mpaka jasho likamtoka. Vipande vidogo vilitoka vizuri, lakini kila walipojaribu kioo cha dirisha zima kilitoka na michirizi, mstari mweusi, mstari mweupe, mimi nikileta kioo kingine na kingine, na kila mtu pale, nami nikiwemo, aliamini kwamba mkono wa Mbio haufai, na nadhani hata yeye aliamini hivyo.

Januari mwaka huu, 2024, dada akiwa kwenye kiti cha magurudumu na sauti yake imebaki kidogo, aliomba asogezwe karibu na kioo, akakitazama kikipuliziwa tangu ukingo wa kwanza hadi wa mwisho, akaona kwamba mstari wa kwanza unakauka kabla wa pili haujaungana nao, jambo ambalo kwenye kipande kidogo halitokei, kwa hiyo kosa halikuwa la mwanafunzi, lilikuwa la mwalimu. Nilikuwepo, nimeshika kioo kingine, nikamsikia akisema, "Mbio, ndugu yangu, mimi ndiye ninayekuchelewesha, nenda mwendo wako." Bwana Mbio alimtazama kama aliyesikia vibaya, dada akarudia, "Nenda," akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, na sisi wengine hatukujua tucheke au tulie, tukafanya vyote viwili.

Kioo kilichopuliziwa mchana ule hakikuwa na mstari hata mmoja. Wiki zilizofuata waliligawa lile tabaka kwa mikato myembamba isiyokigusa kioo, wakakipulizia nyuzi za fedha, nami nikakifunika kwa kioo cha pili na kuziba kingo.

Mei dada alilazwa, na daktari mkuu wa wodi, baada ya kutusikiliza mimi na Bwana Mbio kwa subira ambayo hatukuistahili, alituruhusu kubadilisha kioo cha dirisha la karibu na kitanda chake, tukafanya kazi hiyo alipokuwa amepelekwa kwenye vipimo, tukaunganisha feni ndogo na kioo hicho kwa waya, tukakubaliana tusimwambie kitu. Alirudi, akalala akitazama nje asubuhi nzima, akitusimulia kwa sauti yake ndogo kuhusu mtunza bustani anayemwagilia njia badala ya maua, na mwanamke mmoja aliyevaa kijani, aliyekuwa akimfundisha mtoto kutembea, na feni ikimpepea usoni. Kisha akasema, "Leo kuna wingu kidogo."

Nje jua lilikuwa linachoma, hakukuwa na wingu hata la kutafuta. Ikabidi nimwambie kwamba wingu hilo ni kioo chetu, na dada, ambaye kwa miaka ishirini na moja hakuwahi kuona kioo bila kukitafutia kasoro, alikitazama kwa muda mrefu, akaitazama feni, akamtazama Mbio, akatabasamu, kisha akaendelea kumwangalia yule mtoto, kwa sababu alikuwa ameanza kusimama peke yake. Dada yetu alifariki tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, mume wake na binti yake wakiwa wamemshika mikono.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, waliomwambia ukweli kila mara na kumgeuza kitandani bila kuchoka, nawashukuru majirani mliomfulia, mliompikia na mliokaa naye ili shemeji apate kulala, nawashukuru wenzake wa maabara, na wewe Bwana Mbio nakushukuru kwa mkono wako, maana dada aliondoka bila ile hofu, na kwa hilo hatuna cha kukulipa.

Jana nilikwenda wodini kuchukua vitu vyake, nikiwa na bisibisi mfukoni ili nikitoe kile kioo tukihifadhi, nikamkuta kitandani pale mzee nisiyemjua, ameelekeza uso dirishani, feni inampepea, anaangalia watu wanaopita, nikachukua nguo na viatu vya dada, nikaondoka.

Dada yangu mpenzi, pumzika sasa, kwa amani na kwa mwendo wako mwenyewe.