Mama Figo na Panya Waliokataa Kukua

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili katika maabara yetu ya figo, fundi mkuu wetu anastaafu. Jina lake halisi analijua mhasibu. Sisi wengine tunamwita Mama Figo, na hata mumewe akipiga simu mapokezi humwulizia hivyo hivyo.

Aliajiriwa kuosha chupa. Haukupita muda, akawa ndiye anayeendesha mashine ya kupima oksijeni inayotumiwa na seli, ile ambayo ikimwona mtu mwingine huzima. Yeye huipiga kofi moja la ubavuni, ikawaka. Sisi tumeipiga mpaka viganja vimevimba, wapi!

Kazi yetu, kwa wale mnaokuja huku kufuata chai tu, ni hii: figo changa ya panya huendeshwa zaidi na sukari. Mnyama akikua, figo huelemewa na kazi ya kuokoa chumvi na maji, basi seli zake hujaa mitokondria, yaani majiko ya kuchomea mafuta. Tulitaka kujua kama kuachishwa ziwa mapema kunabadilisha mwendo huo.

Jaribio likafanyika. Vipanya waliotengwa na mama zao na wale walioachwa wanyonye, figo zao zikatoka sawa kama pacha. Mkuu wa maabara akalaumu mashine, akalaumu umeme, akalaumu hata pumba za kulalia panya. Uongozi ukasema mkirudia mkakosa jibu, mlango unafungwa. Mama Figo alikonda kwa wasiwasi, maana maabara hii ndiyo maisha yake.

Jioni moja, marudio yakiwa ndiyo kwanza yameanza, mkuu alirudi kufuata miwani aliyoisahau. Akamkuta Mama Figo, aproni imejaa vipanya, anawarudisha kwa mama zao huku akiwabembeleza. Asubuhi huwatenga tena, kama ratiba inavyotaka. Alijitetea, machozi yakimlengalenga, kwamba amelea watoto wanne na hawezi kwenda kulala kiumbe kinalilia ziwa. Tena, jamani, yeye alidhani jaribio nalo hutoka kazini saa kumi.

Jaribio likaanzwa upya, yeye akiwa kwenye likizo ya lazima. Kila asubuhi alipiga simu kuuliza kama vipanya wamelala vizuri. Safari hii tofauti ikaonekana, maabara ikapona. Alishangilia kuliko sisi wote, kisha akatununia wiki nzima kwa ajili ya vipanya wake.

Nyumbani anamsubiri kitindamimba wake, ana ndevu na kazi nzuri, na bado anapakuliwa chakula. Tunamwonea wivu kabisa. Nani sasa atatuwashia mashine? Nani atatugombeza tukiacha jokofu wazi?

Asante, Mama Figo, kwa kutulea mpaka wengine tukapata udaktari wa sayansi bila kukomaa. Nenda ukapumzike, unenepe, ulale mpaka jua likuchoke, na afya isikupungukie. Sasa ni sisi tunaoachishwa ziwa. Jioni ukisikia vilio kutoka huku, tafadhali, njoo na ile aproni.