Kibuyu cha Bibi Kwandu Kibaki

Mheshimiwa Diwani wetu wa Nyamahanga, Ndugu Mtendaji wa Kata, wazee wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu, na wewe Ndugu Juvenali, afisa manunuzi wetu unayestaafu leo huku ukijifanya huna haraka ya kwenda kwenye migomba yako.

Mimi Malongo nimeambiwa niseme kwa niaba ya wakandarasi. Nani alinichagua? Sijui, maana kura haikupigwa.

Mnakumbuka zamani, madarasa manne mfululizo nilijenga mimi. Je, nilikuwa fundi kuliko wote? Hapana jamani, nilijua tu chai ya ofisini hunywewa saa ngapi. Ndipo Ndugu huyu akaja na mambo yake: wote waliotimiza masharti, na bei zao zinalingana, waandike majina, yatiwe kwenye kibuyu cha Bibi Kwandu, mshona mikeka wetu, kitikiswe mbele ya watu, na jina litakalodondoka kwanza lipewe kazi.

Nikajiona mjanja. Wenzangu wakaandika kwenye karatasi za daftari. Mimi nikaandika kwenye kipande cha mfuko wa saruji, kizito, kiwahi kutoka. Kikawahi kweli, kikakwama shingoni mwa kibuyu! Bibi akakitikisa, akakipigapiga kitakoni, wapi. Akakichokonoa kwa sindano ya kushonea mikeka, mkutano mzima unatazama. Ndugu Juvenali akasoma jina, akachana ukurasa wa daftari, akanipa.

"Malongo, andika tena."

Basi. Afadhali angenitukana.

Likadondoka jina la Deodata, aliyekuwa ameomba kazi miaka sita akirudi mikono mitupu. Hii wodi ya wazazi iliyotupa kivuli leo ni kazi yake. Nimeikagua kila kona nikitafuta ufa, na niliumia sana kuukosa.

Wiki hii watu wamenifuata: mzee anaondoka, siku zako zimerudi. Nisiwafiche, nilifurahi. Kisha nikamwaza binti yangu Suzan, aliyehitimu uashi mwaka jana. Yeye hamjui afisa yeyote, wala saa ya chai. Huyu ataanzia wapi?

Kwa hiyo Ndugu Wiston, afisa wetu mpya, nakuomba mimi niliyeshindwa: kibuyu kibaki. Keshokutwa kuna kazi ya vyoo vya shule, na wanaoanza wameruhusiwa. Mimi na Suzan tumeomba wote wawili. Majina yetu tumeyaandika kwenye ukurasa mmoja wa daftari, tukauchana katikati.

Bibi Kwandu, pima mwenyewe uzito. Nanyi nyote, asanteni kwa kunivumilia.