Barua Yenye Viduara Vitatu

Kinyozi alitoka dukani kwake kama anavyotoka kila asubuhi: bega mlangoni mara moja, mara mbili, mara ya tatu ukafunguka kwa kishindo. Akaketi benchini karibu na Karani Mstaafu, ambaye tayari alikuwa na kikombe chake, na Mama Birika akammiminia kahawa bila kuulizwa. Fundi Msasa, seremala, akafika wa mwisho, uso umekunjamana, akawatupia barua mapajani.

Barua ilikuwa yake mwenyewe. Aliiandika siku tatu kwa Kiingereza cha kujifunza peke yake, kuomba kazi ya milango sita ya zahanati mpya. Tangu mwaka uanze hajashika kazi ya maana. Meza yake ya kurandia imefunikwa turubai, na mkewe ameshaacha kuuliza. Sasa barua imerudi bila jibu wala muhuri, ila mahali patatu pamezungushiwa wino mwekundu.

Karani alivaa miwani akawafasiria. Natengeneza milango imara, for example. Sicheleweshi kazi, for example. Wateja wangu wameridhika, for example.

— Haya maneno ya mwisho uliyatoa wapi, Fundi?

— Kwa wakubwa. Mkutanoni hawapumui bila foreksampo. Nikaona ndiyo heshima yenyewe.

Karani akasema Kiingereza kimekaa sawa, kwa hiyo ubaya uko kwenye wino. Ofisini kwao, jalada likipigwa duara jekundu, mwenyewe hakuonekana tena pale. Kinyozi alipinga. Yeye alihesabu: viduara vitatu, milango sita, maana yake nusu ameshapewa shemeji wa mtu. Mama Birika, aliyekuwa akisikiliza huku anafuta vikombe, alikwenda mbali zaidi: barua imenakiliwa, maneno matamu yametiwa alama, na sasa hivi kuna seremala mwingine anajisifu kwa foreksampo za Msasa.

Hapo damu ilimpanda Fundi. Alisema atakwenda huko huko akaitundike barua getini, watu wote waisome. Mtu anasema mambo yake wazi, halafu anajibiwa kwa mafumbo!

Hajasimama sawasawa, akatokea dada mmoja na faili kwapani, viatu vimejaa vumbi la ujenzi. Akauliza Fundi Msasa ni yupi.

— Mimi ndiye niliyezungushia, kaka. Msimamizi wa ujenzi wa zahanati anataka jibu leo. Umesema kwa mfano, kisha ukaweka nukta. Mlango upi, kwa mfano? Nikaushike kitasa.

Karani akavua miwani. Fundi akatafuta kichwani. Milango yake mizuri ilipakiwa kwenye malori miaka ile, ikaenda asikokujua. Nyumbani kwake mwenyewe kuna pazia. Karibu na hapo uko mmoja tu, na wote wanne waliujua, ila hakuna aliyethubutu kuutazama. Masika mawili Kinyozi amelalamika, na masika mawili ameambiwa mbao zitajirudi zenyewe.

Kinyozi akafungua mdomo kumsitiri mwenzake. Fundi akamwekea mkono gotini.

— Mlango wa huyu kinyozi ni wangu, alisema. Lakini unakwama. Nimeuacha ukwame. Njoo saa kumi.

Yule dada akamtazama kidogo, akachomoa kalamu nyekundu, akaandika pembeni mwa kiduara cha kwanza: mlango wa kinyozi, saa kumi. Fundi alikuwa ameshavuka barabara kufuata randa na bisibisi, kahawa yake haijaguswa.

— Hiki cha pili, cha kutochelewesha, tutakiona hiyo saa kumi, akasema dada. Na cha tatu? Wateja walioridhika, nimwandike nani?

Karani akamgeukia Mama Birika, Mama Birika akamgeukia Kinyozi.

— Mimi usiniandike kwanza, akasema Kinyozi.