Mvua Iliyonyesha Ndani ya Kerupuk

Kijiwe chetu kiko mbele ya kibanda cha kahawa cha Bu Lastri, hapa Klaten, kisiwani Java. Asubuhi ile jua lilikuwa kali mpaka benchi linachoma makalio, na sifa zote zilimwendea Mbah Karso, mzee wetu wa kuzuia mvua. Alikuwa amechomeka ardhini mshikaki wake wa pilipili na vitunguu, dawa yake ya kufukuza mvua, uani kwa Pak Wiryo, aliyekuwa anamwoza bintiye alasiri ile. Usiku kucha halikudondoka hata tone. Lakini kerupuk, zile chipsi nyembamba za muhogo zilizokaangwa jana yake, makopo kwa makopo, zililegea zote, na kwetu harusi ambayo kerupuk zake hazilii mdomoni husimuliwa mpaka wajukuu waolewe. Pak Wiryo alikuja na moja mkononi, akaikunja. Haikuvunjika.

— Mbah, hii nini? Si ulisema maji hayataingia kwangu?

— Nilisema mvua, akajibu Mbah Karso. Umeona tope?

— Sioni tope, naona aibu!

Akadakia Mas Giyanto, tunayemwita Maabara kwa vile alisoma fizikia mjini Yogya mwaka mmoja, akarudi na mwavuli tu.

— Tulieni niwape shule. Kerupuk ina vitundu, vingine hata uazime macho ya mwewe huvioni. Humo mvuke hausubiri hewa ishibe maji. Ukibanwa na kuta, unageuka maji mapema.

— Kwa hiyo mvua imenyesha ndani ya kerupuk? akauliza Redio, muuza kuku asiyefunga mdomo.

— Tuseme hivyo.

— Mbah, umekwisha! Mvua uliyoifukuza juu imekosa pa kwenda, imejificha humo!

— Acha uzushi, we Redio, akasema Mbah Karso.

— Uzushi? Ya mji wa Solo nayo imo! Hata ya mwaka jana! Mnadhani visima vilikauka bure?

— Kama mvua ya Java nzima nimeitia kwenye kerupuk, si mnipigie makofi? Bu Lastri, ongeza kahawa.

— Mas Maabara, akasema Pak Wiryo. Maji hayo hayatoki?

— Yanatoka, ila kwa shingo upande. Yakishaingia yanang'ang'ania, kama Redio hapa benchini. Yanataka joto na hewa kavu.

— Basi Mbah ayaamrishe! akapiga kelele Redio.

Ubishi ukaenda hivyo mpaka birika likakauka. Ndipo akatokea Ratri, bibi harusi mwenyewe, paji la uso limepakwa nusu tu ule wanja mweusi wa maharusi, malapa miguuni.

— Baba, wageni wako njiani. Jua hili limewaka tangu asubuhi. Mbona hamkuzianika hizo kerupuk?

Maabara akachungulia kikombe chake kitupu. Pak Wiryo akatoka mbio, nasi nyuma yake, tukamwaga kerupuk zote kwenye mikeka. Hapohapo wingu zito likalifunika jua, likatulia, bila tone.

Wote tukamgeukia Mbah Karso.

— Msinitazame hivyo, akasema. Mvua naizuia. Jua sijalisomea.